Mbwa anayemeza visivyoliwa: tatizo la tumbo au kichaa?

Mbwa hula kwa pupa, na si ajabu akameza mfupa, gunzi la hindi, kipande cha nguo au jiwe. Kwa wafugaji wa Rusizi, kusini magharibi mwa Rwanda, ni vyema kujua alichomeza na kilichomsukuma kukimeza.

Mara nyingi sababu ni nyepesi. Mbwa mchanga hutafuna kila akionacho. Mkubwa huvutwa na harufu ya nyama, au husukumwa na njaa. Kitu kidogo kilicho laini huweza kutoka na kinyesi, lakini kikubwa hukwama na kuziba utumbo. Dalili zake ni kutapika mara kwa mara, kukataa chakula, maumivu ya tumbo na kukosa choo. Daktari wa mifugo aitwe bila kuchelewa, kwa kuwa utumbo ulioziba huweza kutoboka. Kumtapisha mbwa kwa maji ya chumvi ni hatari. Uzi unaoning'inia mdomoni au nyuma usivutwe, kwani huweza kuukata utumbo.

Ipo sababu nyingine iliyo nzito zaidi: kichaa cha mbwa. Virusi vyake hushambulia ubongo, na mnyama aliyeambukizwa huweza kumeza vijiti, mawe au udongo. Koo na taya zikipooza, hudondokwa na mate na kuonekana kana kwamba mfupa umemkwama. Hapo ndipo mwenye mbwa, kwa huruma, humtia mkono kinywani, ilhali virusi vimo katika mate hayo.

Kwa hiyo, mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayeyumba au asiyeweza kumeza, asishikwe. Daktari wa mifugo wa sekta aarifiwe. Aliyeng'atwa, aliyekwaruzwa au ambaye jeraha lake limeguswa na mate, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ugonjwa huu huua karibu kila mara.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu, na lengo ni kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030. Kinga ya kwanza ni kuwachanja mbwa. Kwa Rusizi, inayopakana na Bukavu nchini Kongo, chanjo hiyo inahitajika pande zote mbili za mpaka.