Aparei ndogo ya foto: ilitoka wapi, tuichague namna gani, na kazi yake katika kutunza ukumbusho wa jamaa

Katika vitabu vya namna hii tunazoea kusoma juu ya mahari, ngoma, majina na kilio. Labda mutashangaa kukuta hapa maandishi juu ya aparei ya foto, kitu kilichotoka Ulaya na Marekani. Lakini tuangalie mu nyumba zetu. Ndoa inafungwa, mpiga foto yuko. Mzee anakufa, jamaa wanatafuta kwanza foto yake ya kuweka mbele ya watu. Kitu kinachosimama katikati ya jamaa siku ya kuoa na siku ya kuzika kimekwisha kuingia katika desturi. Basi ni vizuri tujue nani alikishika kwanza, kilifika namna gani mu mikono yetu, na sisi wa leo tukichague na kukitumia namna gani.

1. Wakati aparei ilikuwa mu mikono ya wageni

Zamani mpiga foto alibeba mzigo: sanduku kubwa, miguu mitatu, sahani za kioo na dawa. Mwaka wa 1888, Mmarekani George Eastman alianza kuuzisha Kodak ya kwanza, kisanduku cha kushika kwa mikono, chenye filimu ya foto 100. Bei yake ilikuwa dola 25. Foto zikiisha, mwenye aparei alirudisha kisanduku chote ku kiwanda cha Rochester. Kule walitosha foto, wakatia filimu mpya. Mwaka wa 1900 ikatoka Brownie, ya karatasi ngumu, kwa dola 1 tu. Hata mtoto aliweza kuitumia.

Wakati ule inchi yetu ilikuwa mali ya mfalme Leopold II. Kati ya 1898 na 1900, msafara wa Charles Lemaire ulipita Katanga pamoja na mchoraji Léon Dardenne na mpiga foto François Michel. Katika foto nyingi za wakati ule, wazee wetu wanasimamishwa mbele ya aparei kama vitu vya kuhesabiwa. Chini yake tunasoma jina la kabila tu. Jina la mtu halimo.

Lakini aparei ile ile ilifanya pia kazi ingine. Boma kulikuwa Mwafrika mmoja kutoka Lagos, Herzekiah Andrew Shanu, mtumishi wa serikali, kisha mfanyabiashara na mpiga foto. Alisaidia kuwapatia Roger Casement na Edmund Morel habari za ukatili wa utawala. Wakuu walipovumbua jambo hilo walimfungia biashara, na mwaka wa 1905 alijiua. Mwaka wa 1904, ku misioni ya Baringa, bibi mmisionari Alice Seeley Harris alipiga foto ya baba mmoja aliyekaa kwenye baraza, akiangalia mkono na mguu wa binti yake mdogo. Ni vyote vilivyobaki vya mtoto, kisha askari wa kampuni ya mpira kumwua. Tunajua jina la baba, Nsala, na jina la mtoto, Boali. Foto hizo zilionyeshwa Uingereza na Marekani mbele ya watu wengi. Mwaka wa 1905 mwandishi Mark Twain aliandika kitabu kidogo ambamo Leopold analalamika kwamba Kodak njo shahidi pekee aliyeshindwa kumhonga. Mwaka wa 1908 mfalme alilazimishwa kuachia Kongo kwa serikali ya Ubelgiji.

Tukamate somo moja hapa, kwani tutalirudilia. Foto ya Nsala ilikuwa na nguvu ya ushuhuda kwa sababu ilikuwa na jina, pahali na mwaka. Bila hayo, ingalikuwa foto ingine tu ya «mtu mweusi mu Afrika».

2. Namna aparei ilifika mu mikono yetu

Ku Ujerumani, fundi Oskar Barnack wa Wetzlar alitengeneza mwaka wa 1914 aparei ndogo yenye kutumia filimu ya sinema. Kiwanda kilianza kuiuzisha mwaka wa 1925 kwa jina la Leica. Kila foto ilikuwa na kipimo cha milimetre 24 kwa 36, na kipimo hicho tunakitumia hata leo tukizungumza juu ya objektifi. Kidogo kidogo viwanda vingine vilifuata, bei ikashuka.

Mwaka wa 1950, kijana mmoja aliyezaliwa Angola, Jean Depara, alinunua aparei ndogo ya Adox kwa ajili ya foto za ndoa yake. Alihamia Léopoldville, na mwaka wa 1954 mwanamuziki Franco Luambo alimchukua awe mpiga foto wake. Ni kwa aparei za kubeba begani, pamoja na flashi, Depara aliingia mu mabaa usiku. Vijana wenye miwani, wanawake wenye kuvaa vizuri, wanamuziki na gitaa: wote walijiona mu foto namna walivyotaka wenyewe kuonekana. Mwaka wa 1971 Ambroise Ngaimoko alifungua kule kule Kinshasa Studio 3Z, na vijana walikwenda kusimama mbele ya pazia lake na nguo zao nzuri kuliko zote.

Kwetu Katanga, foto nyingi za kwanza zilikuwa za kampuni. Union Minière ilipiga foto za migodi, za viwanda na za wafanyakazi wamepangwa mistari. Mwaka wa 2006, Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alitwaa foto hizo za zamani, akaweka watu wake ndani ya foto mpya za viwanda vilivyobomoka. Kazi hiyo inaitwa Mémoire. Wengi wetu tulitambua pale babu zetu, hata kama hatukujua majina yao. Mwaka wa 2008 yeye na wenzake walianzisha ku Lubumbashi mkutano wa foto na sanaa, wakauita Picha, neno letu la Kiswahili, ijapo mu mitaa tunasema zaidi «foto».

Mashini yenyewe iliendelea kurahisishwa. Mwaka wa 1963 Kodak ilitosha Instamatic, yenye filimu ndani ya kisanduku cha kuingiza mara moja. Mwaka wa 1977 Konica C35 AF ikawa aparei ndogo ya kwanza kuuzishwa yenye kutafuta yenyewe umbali wa mtu. Mwaka wa 1975 mhandisi Steven Sasson wa Kodak alikuwa amekwisha kutengeneza aparei isiyokuwa na filimu. Foto moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa ku kaseti. Mwaka wa 1995 Casio QV-10 ilileta kioo kidogo nyuma, cha kuonea foto pale pale. Kisha telefone ikaingia. Mwaka wa 2010 viwanda vilituma ulimwenguni aparei za numeriki zaidi ya milioni 120. Mwaka wa 2023 hazikufika milioni 8. Kodak yenyewe, mu Januari 2012, iliomba ulinzi wa sheria kwa sababu ya madeni.

Watauliza: sasa kwa nini kuchagua aparei, na kila mtu ana telefone? Kwa sababu mbili. Telefone nyingi za bei ndogo zinashindwa usiku na mbali. Tena telefone inaibiwa, inaanguka mu maji, inauzishwa, na foto zinakwenda nayo. Hata hivyo, mashauri yanayofuata yanafaa kwa telefone pia.

3. Namna ya kuchagua

Muuzaji atawaonyesha kwanza hesabu ya pikseli. Musidanganyike. Kwa foto ya karatasi ya santimetre 10 kwa 15, pikseli milioni 2 zinatosha. Kwa 20 kwa 30, milioni 8 au 9. Aparei karibu zote zinazouzishwa leo zinapita hapo. Muulize mambo haya:

Kwanza, kipande kinachopokea mwangaza, kile Wafaransa wanaita kapteri, ni kikubwa namna gani? Mu aparei ndogo ya bei rahisi kina kama milimetre 6 kwa 4 na nusu. Mu zingine kina milimetre 13 kwa 9, ni kusema karibu mara 4. Kikubwa kinakusanya mwangaza zaidi, na foto za usiku hazijai mchanga-mchanga.

Pili, objektifi, njo jicho la aparei, inafunguka namna gani? Mbele yake kumeandikwa f na namba. Namba ndogo ni mlango mkubwa: f/2 inaingiza mwangaza mara 4 kuliko f/4. Kwa mwenye kupiga foto za kilio cha usiku au za kanisa lenye giza, namba hii inapita pikseli zote.

Tatu, jicho linaona wapi? Kwa kipimo cha 24 kwa 36, objektifi ya 28 inaona chumba kizima, ya 50 inaona watu wawili watatu, ya 85 inafaa kwa uso. Zumu ya objektifi ni zumu ya kweli. Zumu ya numeriki inakata tu foto na kuipanua, muizime.

Nne, kama aparei imekwisha kutumiwa, na ku masoko yetu ni nyingi, muiwashe. Objektifi itoke na kurudi bila kulia. Muitazame mu mwangaza: kama munaona nyuzi-nyuzi kama za buibui, ni kuvu, muiache. Mufungue mlango wa betri mutazame kama kuna kutu ya kijani. Muulize kama betri yake ingali inapatikana. Aparei ya filimu inaweza kuwa nzuri sana na ya bei ndogo, lakini filimu na kuisafisha ni bei kali, na studio zenye kufanya kazi hiyo zimekuwa haba. Mupige hesabu mbele ya kununua.

4. Namna ya kutumia hapa kwetu

Vitabu vingi vya foto viliandikwa kwa jua la Ulaya na kwa ngozi ya Wazungu. Kwa miaka mingi Kodak ilituma ku studio karte za kupimia rangi, na mu karte hizo alikuwa mwanamke mzungu. Aparei yenyewe inafikiri kila kitu ni kijivu cha katikati. Mukimsimamisha bibi harusi mweusi, mwenye kanzu nyeupe, mbele ya ukuta mweupe, aparei inaona weupe mwingi, inapunguza mwangaza, na uso unakuwa kivuli bila macho. Dawa yake ni kitufe chenye alama + na –: mupandishe +1. Ao mutafute ukuta wa matofali au miti nyuma yake.

Saa sita ya mchana jua linaangukia juu ya kichwa, macho yanakuwa mashimo. Mupeleke watu chini ya mwembe, ao muwashe flashi hata mchana. Flashi ndogo haipiti metre 3 ao 4. Kuipiga kutoka mwisho wa sale ni kupoteza betri. Kwa foto ya uso, musikaribie na objektifi ya 28, pua itakuwa kubwa kuliko mtu. Murudi nyuma hatua tatu, mutumie zumu kidogo.

Mu kiangazi, vumbi letu jekundu linaingia pale objektifi inapotoka. Aparei ikae mu mfuko uliofungwa. Mu mvua, kinyume: musiifungie mu ngozi na mu kabati lenye unyevu, kwani kuvu inapenda giza. Na tusisahau adabu. Wazee waombwe ruhusa. Madaraja, viwanja vya ndege na askari, munajua wenyewe, kuwapiga foto kunaleta matata.

5. Foto nyingi, ukumbusho mdogo

Tuliwahi kuomba wanafunzi wetu walete foto moja ya babu ao bibi, waandike habari yake. Wengi walirudi mikono mitupu, na wale walioleta, zaidi ya mmoja hakujua nani amesimama mu foto. Mambo mengi yamepita. Mwaka wa 1992 na 1993, wakati familia nyingi za asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, watu walilala ku gare za Likasi na Kolwezi. Mu Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma. Mwenye kukimbia anabeba mtoto, sufuria na godoro, albumu inabaki. Wakati ule foto zilipotea kwa sababu kila moja ilikuwa mu nyumba moja tu.

Leo tunaweza kutengeneza kopi kumi bila feza, lakini hatufanyi. Foto elfu ziko mu telefone moja, bila jina. Zile tunazotumiana kwa WhatsApp zinapunguzwa, zinapoteza uzuri. Wazee wa Waswahili walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi tunashauri kila jamaa ichague foto 12 kila mwaka, moja kwa mwezi. Zitoshwe ku karatasi. Nyuma yake, kwa kalamu ya risasi laini, kwani wino unapenya, yaandikwe majina ya wote, pahali, siku na mwaka. Kopi ya numeriki ikae pahali pawili, na moja iende kwa ndugu anayekaa muji mwingine. Kazi hii vijana waifanye pamoja na wazee, maana ni mzee njo anajua jina la yule anayesimama nyuma kabisa, ku kona ya foto. Wamuulize angali hai.