Kabati la Tajiri, Jasho la Mary

Wasee, kuna kitu kwenye makabati ya mawe ya mabwanyenye wa Uingereza kimenisumbua wiki nzima: lebo.

Karne ya 19, kama ulikuwa na ganji huko, kabati la mawe ndilo ulilojishaua nalo. Droo nyembamba za mbao, kila kijiwe na kijikaratasi chake: kinaitwaje, kilitoka wapi, ni mali ya nani. Mgeni akija anafunguliwa droo moja moja, anabaki mdomo wazi. Sasa, nani alikichimba? Hapo karatasi inanyamaza.

Kwa visukuku vya Lyme Regis, mji mdogo wa pwani kusini mwa Uingereza, mara nyingi jibu ni Mary Anning. Babake alikuwa fundi wa makabati (eti makabati!) na pembeni akiuzia watalii visukuku. Alifariki 1810, akaacha madeni. Mary alikuwa na miaka 11. Mwaka uliofuata kakake, Joseph, aliona fuvu kubwa kwenye mwamba, na baadaye Mary akapata mwili uliobaki. Alikuwa ikthiosauri, mnyama wa baharini wa enzi za dinosau. Familia ililipwa kama pauni 23. Mwaka 1819 mifupa hiyo hiyo ilipigwa mnada London, British Museum ikatoa kama pauni 45.

Na usidhani ni kuokota kokoto ukipunga upepo. Dhoruba za msimu wa baridi ndizo huporomosha majabali na kufichua visukuku. Kwa hivyo ukivitaka, unasimama chini ya jabali lile lile linaloporomoka, na unawahi kabla mawimbi hayajavibeba. Mwaka 1833 maporomoko yalimuua mbwa wake, Tray. Mary mwenyewe aliponea chupuchupu.

Miaka kumi kabla ya hapo alikuwa amechimbua plesiosauri karibu mzima. Duke wa Buckingham akamnunua. Mwaka 1824 William Conybeare akamweleza mnyama huyo mbele ya wasomi wa Geological Society, na jina la Mary hakulitaja. Yeye hangeweza hata kuwa mwanachama. Wanawake walianza kukubaliwa 1919.

Sisemi wanunuzi walikuwa wezi. Walilipa, ni biashara. Tena Thomas Birch, afisa wa jeshi aliyekuwa mteja wao, alipokuta familia iko karibu kuuza fanicha za nyumba ndiyo walipe kodi, alipiga mnada mkusanyiko wake mwaka 1820 ili kuwasaidia, na mnada ukaingiza kama pauni 400. Huyo mzee alikuwa mtu poa kabisa.

Lakini pesa ni kitu kimoja, jina ni kingine. Mwaka jana ukurasa mmoja mkubwa ulichukua video yangu, ukakata jina langu pale kona. Mabeshte wakaanza kunitumia: “Umeona hii? Ni noma!” Video yangu mwenyewe, jameni.

Mary alifariki 1847. Sanamu yake ilisimamishwa Lyme Regis mwaka 2022, kwa mchango ulioanzishwa na msichana wa shule na mamake. Mary anatembea, nyundo mkononi, na Tray yuko kando yake.