Ramazani wa Kindu: mutu aliyesemesha kifo kwa Swahili yetu



Najua kutoka kwangu munangojea maandiko juu ya mihogo, kakao na magonjwa ya migomba, juu ndiyo nilisomea lisansi. Leo munipe ruhusa nitoke shambani. Nataka kuandika historia ya mwimbaji mumoja, kwa sababu ya neno lililonichoma: siku moja kijana wa chama chetu aliandika kwamba Swahili ya Ituri ni lugha ya soko na ya kariere tu, kwamba mambo mazito yanahitaji Kifaransa, na wimbo unahitaji Lingala. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili. Mistari ikaongezeka.

Mwimbaji mwenyewe ni Remmy Ongala. Watanzania wanamuita Dokta Remmy na wengi wao wanamuhesabu kama wa kwao, na wana haki. Lakini alizaliwa Kindu, Maniema, mwaka 1947. Jina lake ni Ramazani. Kule Dar es Salaam wanaandika Ramadhani, lakini Maniema, kama kwetu Mongbwalu, ile "dh" haikai mudomoni. Tunasema zahabu, tunasema zambi, tunasema Ramazani. Kwenye jina lake tu unaona ametoka upande gani wa ziwa.

Kabla ya kumfuata, turudi nyuma kidogo, juu watu wanasema Swahili yetu "imeharibika" bila kuuliza ilifika namna gani. Miaka ya 1870 Tippu Tip na watu wake walikuwa wamejenga nguvu yao Maniema, Nyangwe na Kasongo, wakitafuta pembe za tembo na watumwa. Lugha ilikuja na misafara ile. Mwaka 1887 Leopold wa Pili alimufanya Tippu Tip kuwa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, na miaka hiyohiyo watu wa misafara walikuwa wamefika mu pori la Ituri, hadi Avakubi na Mawambi. Walioongea lugha ile waliitwa waungwana, ndiyo maana wazungu waliandika "Kingwana". Halafu zahabu ilionekana Kilo mwaka 1903. Kampuni ya Kilo-Moto iliundwa 1926, na watu wa makabila mengi wakajikuta mu shimo moja, kila mutu na lugha ya mama yake. Musimamizi aliwatumikisha kwa Kingwana. Kwa hiyo Swahili ya Kindu na Swahili ya Mongbwalu ni watoto wa njia moja, na ile njia haikuwa ya furaha: watumwa, pembe, kisha zahabu. Lugha iliyozaliwa hivyo kusema juu ya machozi ni jambo la kawaida. Mimi naona ingeshangaza kama ingekuwa lugha ya kucheka tu.

Sasa Remmy. Habari za kuzaliwa kwake alizisimulia mwenyewe mara nyingi. Mama yake alikuwa amekwisha kupoteza watoto wawili, akaenda kwa muganga, na muganga akamuambia wa tatu asizaliwe hospitali. Mutoto alizaliwa na meno mawili tayari, na watu wakasema huyu atakuwa muganga. Ile "Dokta" inatoka pale, haitoki chuo kikuu (wenye daktora kati yetu, munisamehe). Baba yake alikuwa mutu wa ngoma na wimbo, akafa mapema. Mama naye alifariki mwaka 1964, na kijana akabaki na wadogo zake wa kulisha.

Fikirini ile Kindu. Novemba 1961 askari 13 wa anga wa Italia waliokuwa mu kazi ya Umoja wa Mataifa waliuawa pale. Julai 1964 waasi wa Simba wakauteka muji, na Novemba jeshi la serikali pamoja na mamluki wakaurudisha. Kijana wa miaka 17, yatima, mu muji kama ule, anashika ngoma na gitaa juu ndiyo kazi iliyoko. Mutu asiniambie kwamba nyimbo zake za kifo zilitoka mu vitabu.

Na hapa ndipo kuna jambo ninalotaka muliangalie. Mwimbaji wa mashariki ya Kongo wa wakati ule alikuwa na milango miwili. Mulango wa kwanza ni Lingala: redio ya Kinshasa, rumba, Franco, Tabu Ley. Ukitaka kujulikana kama mwanamuziki wa Kongo, unaimba Lingala hata kama mama yako hakuijua. Mulango wa pili ni Swahili ya pwani, ile safi, yenye serikali nyuma yake. Tanzania iliunda BAKITA mwaka 1967 kwa kuichunga lugha, na bendi za dansi zilirekodi kwa redio ya taifa, RTD, ambako maneno ya wimbo yalipimwa kwanza. Remmy alipita Uganda na bendi, na mwaka 1978 akafika Dar es Salaam kuingia Orchestra Makassy, bendi ya mujomba wake. Makassy ilipohamia Nairobi, yeye akabaki Dar na akaingia Super Matimila, bendi iliyomufanya jina.

Hakuimba Lingala ya kuonyesha kwamba yeye ni Mukongo. Aliimba Swahili, aliisogeza karibu na watu wa Dar, lakini ulimi ulibaki wa Maniema. Musikilize anavyotamka, anavyovuta maneno, anavyoongea katikati ya wimbo kama mutu anayebishana na jirani kwenye kibaraza. Hata kwenye sahani yake ya mwaka 1992, Mambo, kuna wimbo ulioandikwa "Inchi Yetu". Inchi, si nchi. Mwalimu wa Tanzania angechukua bic nyekundu. Mutoto wa Bunia hangeona kosa lolote.

Na watu wa Dar walimufuata. Kwa nini? Sauti yake haikuwa laini, na yeye mwenyewe alijiita Sura Mbaya. Nafikiri walimufuata juu aliimba yale ambayo walikuwa wanayasema usiku kwa sauti ya chini. Miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa na njaa ya bidhaa, foleni za sukari na sabuni, na mwaka 1986 serikali ikakubaliana na IMF, maisha yakaendelea kukaza. Yeye akatoa "Mnyonge Hana Haki". Jina peke yake lilitosha. Muziki wake akauita "ubongo beat", muziki wa akili, na hapohapo kuna muchezo, maana Bongo ni Dar es Salaam, muji ambamo bila akili hauishi.

Lakini wimbo ninaotaka kukaa juu yake ni "Kifo". Munajua sisi Waafrika tunavyozunguka jambo hili. Hatusemi amekufa. Tunasema ametutoka, amelala, Mungu amemupenda zaidi. Remmy hakuzunguka. Alikiita kwa jina na kukisemesha kama mutu aliyesimama mbele yake, mutu wa kuulizwa maswali. Na muziki chini yake haulii: gitaa zinacheza, ngoma inatembea, watu wanainuka kucheza. Wageni wanashangaa hapo. Sisi ambao tumekesha matanga tunaelewa, juu ile saa nane ya usiku, chai imekwisha na wazee wanasinzia, ni ngoma ndiyo inashikilia watu mpaka asubuhi. Kulia na kucheza kwetu havikai nyumba mbili.

"Nalilia Mwana" ni kilio juu ya mutoto, na ukikumbuka ile habari ya mama yake, unausikia tofauti. Kisha kuna "Mambo kwa Soksi". Ukimwi ulikuwa umeonekana Tanzania tangu 1983, upande wa Kagera, na watu walikuwa wanakufa huku familia zikisema ni malaria ao ni kulogwa. Remmy akaimba kuhusu kondomu, akaiita soksi, neno la mutaani ambalo kila mutu alicheka na kila mutu alielewa. Redio ya taifa ikakataa kuupiga. Wimbo ukapita kwa kaseti. Mimi mutu wa kilimo nimehudhuria vikao vingi vya "uhamasishaji" ambavyo mukulima anatoka bila kukumbuka neno hata moja, kwa hiyo ninapima ile kazi: neno moja, soksi, lilifanya kile ambacho mabango hayakuweza.

Inje ya Afrika walimusikia pia. Kaseti yake ilisafiri hadi Uingereza, na mwaka 1988 akaitwa kuzunguka na tamasha la WOMAD. Mwaka uliofuata sahani Songs for the Poor Man ilitoka kwa Real World, nyumba ya muziki ya Peter Gabriel. Pale ndipo wazungu walianza kuandika juu yake, wakisifu gitaa. Maneno hawakuyaelewa sana. Si kosa lao.

Niongeze jambo moja la mbali, juu linanifurahisha. Kule Austria, muji wa Vienna una sifa ya kupenda nyimbo za kifo, na wanaimba kwa lahaja yao, ile ambayo Wajerumani wa Berlin wanaicheka. Mwaka 1975 Wolfgang Ambros aliimbia makaburi makubwa ya muji. Mwaka 1978, uleule ambao Remmy alifika Dar, Ludwig Hirsch alitoa sahani ambayo jina lake ni kama kusema "Nyimbo za kijivu cheusi". Hirsch alizaliwa 1946, Remmy 1947. Hakuna mutu Vienna aliyemuambia Hirsch ahamie Kijerumani cha kitabuni ndipo awe na uzito. Uzito ulikuwa palepale, mu maneno ya bibi yake.

Turudi Mongbwalu. Kati ya Juni 2002 na Septemba 2004 raia wasiopungua 2,000 waliuawa mu eneo letu. Human Rights Watch waliiandika ile hesabu mu ripoti ya 2005, kwa Kiingereza, na ikatafsiriwa kwa Kifaransa. Wengi wetu tulikuwa watoto wadogo. Tumezisoma habari za wafu wetu mu lugha mbili ambazo nyanya zetu hawazijui. Na kila mwaka mashimo yanaanguka juu ya wachimbaji, na tangu 2017 vita vimerudi Djugu. Tukifika kwenye matanga, nini inapigwa? Kwaya, nzuri sana, nyingi kwa Lingala. Vijana wetu wa studio Bunia wana sauti na mashine ambazo Remmy hakuwahi kuota, na kila ninapofungua telefone wanaimba mapenzi, kwa Lingala, na Kifaransa kidogo cha kupamba. Sina neno juu ya mapenzi. Lakini nani atamutaja kwa jina yule mwenye kubaki mu shimo, kwa maneno ambayo mama yake atayaelewa bila mutafsiri?

Wengine watanijibu kwamba Remmy alihitaji kutoka Kongo ndipo asikike. Ni kweli, na inauma. Dar ilikuwa na amani, ilikuwa na redio, ilikuwa na kumbi za dansi, na watu wa kulipa mulangoni hata kama ni wanyonge. Kindu ya miaka ile haikuwa na vitu hivi, na Mongbwalu ya leo ina feza ya zahabu lakini haina usiku wa kutembea bila woga. Hilo silipingi. Ninachopinga ni kusema kwamba kilichokosekana ni lugha. Lugha ndiyo kitu pekee alichotoka nacho Kindu, pamoja na ngoma ya baba yake.

Mwisho wa maisha aliugua, akaokoka, akaacha dansi na kuimba nyimbo za injili, huyu mutoto wa jina la Kiislamu na wa uganga wa meno mawili. Wapenzi wa zamani walisikitika. Mimi naona aliendelea na mazungumzo yaleyale na kifo, ila upande mwingine wa meza. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Mutaa alioishi, Sinza, una kituo cha basi ambacho watu wanakiita Sinza kwa Remmy.

Kama kuna mutu kati yenu ambaye baba ao mujomba wake amechunga kaseti za Matimila, Bunia, Aru, Mahagi, popote, aniandikie. Mashine ya kaseti ninayo, inafanya kazi, na Mongbwalu mukifika usiulize sana: nyumba ambayo jirani analalamika juu ya kelele ndiyo hiyo.