"Uko na mutu?" Swali la tangu 1960

Ndugu wenzangu wenye diploma, miezi michache iliyopita nilipeleka dosie yangu kwenye ofisi moja ya Leta. Aliyenipokea hakuifungua hata. Akaniuliza tu: "Uko na mutu pale juu?" Nikasema sina. "Basi urudie siku utamupata." Usiku ule nikafungua historia yetu, nitafute mzizi wa swali hili.

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru ikiwa na wahitimu wa universite wasiofika 30. Force publique ilikuwa na askari karibu 25,000, lakini hakuna afisa hata mmoja Mkongomani. Wabelgiji hawakutayarisha watu. Nafasi tele, wenye masomo hawapo: ungempa nani? Mara nyingi ni yule unayemjua.

Tarehe 5 Julai askari wakaasi. Ilibidi Lumumba apate wakubwa wa jeshi mbiombio. Akamchukua Victor Lundula, Mtetela kama yeye, aliyewahi kuwa askari na sasa alikuwa bourgmestre kule Jadotville, Likasi ya leo. Akawa jenerali. Chini yake akamweka Joseph Mobutu, askari wa zamani aliyegeuka mwandishi wa habari, mtu wake wa karibu. Huyo akawa kanali na mkuu wa staff.

Pengine hakukuwa na njia nyingine. Lakini tarehe 14 Septemba, miezi miwili tu na siku kidogo, Mobutu akatangaza kuwaweka kando wanasiasa, Lumumba akiwamo. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba akauawa Katanga. Mutu wake ndiye alimugeuka.

Na sisi wasomi tusijifanye watakatifu. Walioitwa na Mobutu kuongoza wizara, wale makamishna chini ya Justin Bomboko, walikuwa wanafunzi na wahitimu. Hawakupita mtihani wala uchaguzi. Waliitwa, wakaitika.

Mwaka 1960 kulikuwa na sababu: wasomi walihesabika. Leo tunatoka universite kwa maelfu, sababu ile imekufa, swali limebaki.

Juzi mjomba alinipigia simu: amepata mutu. Mama anafurahi, wadogo zangu wanangojea minerval. Mimi sijajibu bado. Najua aliyekupa kiti bila mtihani anaweza kukunyanganya vilevile, tena atakudai kila siku utakayokikalia.

Wewe ungemujibu mjomba nini?