Vita vya Bunduki (Basutoland, 1880–1881)

Vita vya Bunduki, ambavyo Wasotho wenyewe huviita Ntoa ea Lithunya, ni mapigano yaliyozuka Septemba 1880 katika Basutoland, Lesotho ya leo, baada ya serikali ya Koloni la Cape kuwaamuru Wasotho wasalimishe silaha zao. Vilikoma Aprili 1881, na bunduki zikabaki kwa wenyewe. Katika historia ya ukoloni kusini mwa Afrika, ni nadra kukuta wananchi waliokataa amri ya namna hiyo kwa mtutu wakafaulu.

Bunduki hizo zilikuwa jasho. Tangu machimbo ya almasi ya Kimberley yaanze mwanzoni mwa miaka ya 1870, vijana wa Kisotho walikwenda huko kwa miguu kutafuta kibarua. Kijana alichimba miezi kadhaa, akadunduliza ujira wake, kisha akarudi milimani na bunduki begani na baruti kidogo. Biashara hiyo ilikuwa ya wazi, kwani wenye machimbo walijua kuwa bunduki ndiyo iliyowavuta vibarua. Nyumbani, aliyerudi nayo alihesabiwa mtu mzima.

Wazee nao walikuwa na kumbukumbu zao. Vita na Makaburu wa Orange Free State, mwaka 1858 na tena kuanzia 1865, viliwapokonya mashamba yenye rutuba ng'ambo ya mto Caledon. Moshoeshoe, mwasisi wa taifa, alipata hifadhi ya Uingereza mwaka 1868, akafariki 1870. Mwaka uliofuata nchi yake ilikabidhiwa Koloni la Cape bila Wasotho kuulizwa.

Ndipo ikaja Sheria ya Kulinda Amani ya 1878, ya waziri mkuu John Gordon Sprigg, akiungwa mkono na gavana Sir Bartle Frere. (Ni Frere yuleyule aliyetumwa Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa, na ambaye mtaa wa Frere Town, Mombasa, una jina lake.) Hoja yao ilikuwa kwamba mlinzi ni serikali, hivyo raia hana haja ya silaha. Wasotho waliipima hoja hiyo kwa waliyoyaona. Wamfengu, waliopigana upande wa Cape katika vita vya 1877–1878, nao walinyang'anywa bunduki. Chifu Moorosi wa Waphuthi alipouawa kwenye mlima wake Novemba 1879, Sprigg alitaka wilaya ya Quthing ikatwe mashamba ya walowezi. Serikali inayodai bunduki ya mtu huku ikipima ardhi ya jirani yake haiaminiki, na katika hilo Wasotho hawakukosea.

Hata hivyo walianza kwa maneno. Wakisaidiwa na wamisionari wa misheni ya Kifaransa, akiwemo Adolphe Mabille, walipeleka maombi yao Cape na Uingereza. Hayakuzaa matunda. Chifu mkuu Letsie alitangaza kutii, lakini mwanawe Lerotholi na nduguye Masopha, aliyekuwa katika ngome ya Thaba Bosiu, wakashika uongozi wa upinzani.

Walipigana juu ya farasi wadogo waliozoea miamba. Huko Qalabani, Oktoba 1880, waliwashtukiza wapanda farasi wa Cape na kuua karibu 40. Kila mwezi vita viliitafuna hazina ya koloni, hadi Cape ikakubali gavana mpya, Sir Hercules Robinson, awe mwamuzi. Uamuzi wake: kila mwenye bunduki aandikishe silaha yake, alipe leseni ya pauni 1 kwa mwaka, na Wasotho watoe faini ya ng'ombe. Walioumia sana ni wale waliotii. Walisalimisha bunduki zao, kisha wakaporwa mifugo na wenzao walioiona hatua hiyo kuwa usaliti.

Masopha hakuandikisha. Septemba 1882 Jenerali Charles Gordon, ambaye baadaye aliuawa Khartoum, alipanda Thaba Bosiu bila jeshi kuzungumza naye. Mazungumzo yakiendelea, Gordon akapata habari kuwa waziri wa Cape aliyehusika na mambo ya wenyeji, J. W. Sauer, alikuwa akimhimiza Lerotholi amshambulie Masopha. Akajiuzulu.

Koloni lilishindwa kuitawala nchi hiyo, na mwaka 1884 likairudisha chini ya London moja kwa moja. Kwa sababu hiyo Basutoland haikumezwa na Muungano wa Afrika Kusini ulioundwa 1910. Ilipata uhuru wake tarehe 4 Oktoba 1966.