Mutombo, Thabeet, Kuminga: Nani Mkali wa Zama Zote?

Kwenye viwanja vya Don Bosco, Upanga, na vya Kidongo Chekundu, jirani na Kariakoo, ubishi wa mpira wa kikapu hudumu kuliko mechi yenyewe. Huyu atamtaja Kareem Abdul-Jabbar, yule Michael Jordan, na vijana Stephen Curry. Ukirudi kwetu, yapo majina matatu ya kupimwa: Dikembe Mutombo wa Kinshasa, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam na Jonathan Kuminga wa Goma.

Mutombo aliingia NBA mwaka 1991 na Denver Nuggets, enzi ambazo senta ndiye aliyekuwa mfalme wa uwanja. Mabao mengi yalitafutwa chini ya kikapu, na huko ndiko alikosimama yeye. Alipostaafu mwaka 2009 alikuwa na bloku 3,289, akitanguliwa na Hakeem Olajuwon wa Nigeria pekee, na alikuwa ametwaa tuzo ya mlinzi bora mara 4.

Mwaka huohuo akaingia Thabeet. Kijana huyu wa Makongo, mwenye urefu wa mita 2.21, alianza kikapu akiwa tayari na miaka kama 15. Msimu wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mechi. Memphis Grizzlies wakamchagua wa 2, mbele ya James Harden aliyekuwa wa 3 na Curry wa 7. Akawa Mtanzania wa kwanza NBA.

Huko alicheza mechi 224 kwa wastani wa pointi 2.2, na wengi wakamwita aliyeshindwa. Ni kweli kwamba alichelewa kuuanza mchezo, na ufungaji wake haukukomaa. Lakini zama nazo zilimgeuka. Msimu wa 2009/10 kila timu ilirusha wastani wa mitupo 18 ya pointi tatu kwa mechi. Msimu wa 2023/24 ilifika 35. Senta aliyezoea kulinda kikapu akalazimika kutoka nje kuwafukuza warushaji wepesi.

Kuminga, aliyezaliwa mwaka 2002, amekulia katika mchezo huo mpya. Golden State Warriors walimchagua wa 7 mwaka 2021, na mwaka uliofuata akatwaa ubingwa. Nguvu yake ni kasi na uwezo wa kukaba wachezaji wa nafasi mbalimbali.

Takwimu zenyewe zina mapengo. Bill Russell alitwaa ubingwa mara 11, lakini NBA ilianza kuhesabu bloku msimu wa 1973/74, yeye akiwa ameshastaafu. Ndiyo maana mchezaji apimwe kwa mambo mawili: zama zake zilimdai nini, na yeye alilipa kiasi gani.

Kwa kipimo hicho, Mutombo ndiye mkubwa wa watatu hawa. Hesabu ya Kuminga bado haijafungwa. Thabeet anastahili heshima ya mfungua njia, njia ambayo Atiki Ally Atiki wa Mwanza naye aliifuata hadi vyuo vya Marekani.

Viongozi wa klabu na ligi zetu, andikeni pointi, ribaundi na bloku za kila mechi, kuanzia msimu huu. Wajukuu wetu nao watabishana. Wapewe kumbukumbu za kubishania.