Ndigana kali na pwani yetu: ilikotoka ratiba ya kuogesha mifugo

Ndugu mfugaji, ndigana kali Wazungu wanaiita Homa ya Pwani ya Mashariki. Pwani hiyo ni hii yetu. Daktari Mjerumani Robert Koch alikuja Dar es Salaam mwaka 1897, akaona vijidudu kwenye damu ya ng'ombe, akadhani ni homa iliyokuwa ikijulikana Marekani. Mwaka 1901 na 1902 ng'ombe waliotoka pwani hii kwa meli, wakishushwa Beira, waliuingiza ugonjwa Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Ng'ombe wa kule walikufa kwa maelfu, na jina likashika.

Haikupita miaka mingi, Lounsbury wa Afrika Kusini akaonyesha kwamba mwenezaji ni kupe wa kahawia, yule apendaye masikio. Kisha Watkins-Pitchford wa Natal akahesabu siku. Kupe huyu akishang'ata, vijidudu huchukua siku tatu au nne hivi kukomaa kwenye mate yake ndipo viingie kwa ng'ombe. Kwa hiyo akaogesha kila baada ya siku chache, hata kama kupe hawaonekani. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunasubiri kupe avimbe kama punje ya mahindi. Huyo ameshamaliza kazi yake.

Dawa ya majosho ya kwanza ilikuwa arseniki, sumu inayoua hata mtu. Miaka ya 1930 kupe wa bluu kule Afrika Kusini wakawa hawafi tena kwa arseniki. Ikaja toksafeni, ikatumika sana kwenye majosho yetu, mpaka mwaka 2001 ikawekwa katika orodha ya sumu za kupigwa marufuku duniani kwa mkataba wa Stockholm. Leo tuna amitrazi, na dawa za viwandani zilizoiga pareto. Hizi nazo kupe wanazizoea. Ukizimua dawa ili chupa moja ifike kwa ng'ombe wengi, kupe dhaifu wanakufa na wagumu wanabaki kuzaliana.

Huku Kipatimu historia hii hatukuirithi. Wazee wa Umatumbi walikuwa wakulima, na mbung'o hawakuwaacha ng'ombe wakae. Makundi makubwa yaliingia Kilwa baada ya mwaka 2006, wafugaji walipoondolewa Usangu na Ihefu na wengi kuelekezwa mkoa wa Lindi. Baadhi yenu mlinunua mtamba wa kwanza kwa majirani hao, bila kuwa na baba aliyewahi kupeleka ng'ombe joshoni. Tulichokijua ni bomba la kupulizia ufuta na mikorosho. Hapo ndipo ninapoogopa. Dawa ya ufuta si dawa ya ng'ombe, hata harufu ikifanana. Tenga bomba la mifugo, usilibadilishe kazi.

Soma kibandiko, pima kwa kipimo, si kwa kifuniko cha soda. Ng'ombe mkubwa huhitaji kama lita 5 hadi 10 za mchanganyiko ili alowe mpaka kwenye ngozi. Anza mgongoni ushuke, lakini umalizie ndani ya masikio, chini ya mkia, kwapani na kwenye kiwele, maana huko ndiko kupe wanakojificha. Mnyweshe maji kwanza asije akajilamba dawa kwa kiu. Ogesha asubuhi kukiwa na jua la wastani. Mvua ikinyesha kabla hajakauka, umepoteza fedha. Wewe vaa glavu, buti na nguo ya mikono mirefu, simama upande unakotoka upepo, usile wala kuvuta sigara mpaka unawe kwa sabuni. Maziwa na nyama subiri siku zilizoandikwa kwenye chupa.

Nanyi wenye maduka, msigawe dawa kwenye chupa za maji ya kunywa. Mteja anaondoka bila kibandiko, na mtoto nyumbani hajui kilichomo.

Mchanganyiko uliobaki usiumwage mtoni wala karibu na kisima. Dawa za jamii ya pareto, hata kidogo tu, huua samaki.